Kijana wa Mpira Niliyemchongea

Barrio El Filo,
Medellín.
Jumapili, 17 Oktoba 2004

Mpendwa dada Nubia,

Pokea salamu zangu kutoka huku mlimani. Mgongo wako unaendeleaje? Na yule bibi unayemuogesha huko Valencia, bado anakuita kwa jina la binti yake? Nawaombea afya nyote wawili. Mimi ni mzima. Goti linalalamika nikipanda ngazi, mvua zimeanza, na kazi za ujenzi zipo zipo tu. Mwanao Yurany ni mzima pia, hilo nakuapia kabla sijasema jingine lolote. Anakula, anasoma, amerefuka.

Sasa kabla hujaendelea, itazame bahasha. Niliifunga kwa gundi, halafu nikabandika utepe juu yake. Kama umekuta utepe umekatwa, niambie. Nimempa mpwa wake padri, anayesafiri kuja huko, aiweke mkononi mwako. Anaonekana binti mwema, lakini watu wengi huonekana wema.

Sikupiga simu kwa sababu unakijua kile kibanda cha simu. Unaongea na dada yako, na nyuma yako watu wamepanga foleni wanahesabu pumzi zako. Hili ninalotaka kukuambia si la kusemea pale.

Mwezi wa nane uliniambia asante kwa kumlinda mwanao na yule muhuni wa mpira. Ulisema Mungu atanilipa. Dada, asante yako imenikaa kooni mpaka leo, haishuki wala haitoki. Ferney si muhuni. Nilikudanganya, na si wewe peke yako niliyekudanganya.

Ferney humjui, walihamia baada ya wewe kuondoka. Ni mtoto wa Doña Ofir, yule mama mjane anayechoma mikate ya arepa mlangoni pake karibu na tangi la maji. Alikulia kule Chini, ng'ambo ya ngazi ya tangi, mpaka mama yake alipopata chumba huku kwetu Juu. Ulipoondoka wewe watu walikuwa bado wanapanda na kushuka. Siku hizi hapana. Kijana wa Juu akiishuka ngazi ile bila sababu anaweza asirudi, na wa Chini akipanda ni hivyohivyo. Hakuna ukuta wala kibao, lakini hata mbwa wanaujua mpaka. Sasa kijana aliyekulia kule na kulala huku, mimi nilimwangalia kwa jicho la pembeni tangu siku ya kwanza.

Mwanzoni mwa mwaka wakaja watu wa chama fulani kutoka mjini. Walileta mipira, walileta jezi za njano na za kijani, wakasema mpira utaleta amani. Nilimfuata yule dada aliyekuwa akigawa jezi nikamuuliza nani analipa. Akasema wafadhili. Nikamuuliza wafadhili wanataka nini. Akacheka, akasema hawataki kitu. Hapo ndipo nilipozidi kushtuka. Mtu anayetaka kitu unajua pa kumshikia. Asiyetaka kitu, unamshikia wapi?

Halafu mchezo wenyewe ulikuwa wa ajabu. Uwanja ni ule wa saruji, chini ya nyumba ya jirani yetu Aracely. Timu zinachanganywa, wa Juu na wa Chini pamoja, wasichana na wavulana. Refa hakuna. Kabla ya mechi wanakaa wanapatana sheria zao wenyewe. Goli la kwanza lazima lifungwe na msichana, na kabla ya hapo wavulana wafunge wafungavyo, halihesabiki. Mwanao akawa hodari wa goli hilo, nakuambia ukweli. Wavulana walimpigia magoti wakimwomba afunge upesi ili na wao waanze kuhesabiwa.

Mechi ikiisha, hawaendi nyumbani. Wanakaa chini kwenye duara, kila mtu anasema. Katikati anakaa mmoja wao wanayemwita mpatanishi, na huyo alikuwa Ferney. Pointi zinatolewa hapo, kwa tabia na siyo kwa magoli tu. Timu inaweza kufungwa mabao mengi na bado ikashinda.

Hilo duara ndilo lililoniponza. Wakati ule nilikuwa najenga chumba cha juu kwa Aracely, kwa hiyo kila Jumamosi nilikuwa kwenye zege na mwiko wangu, naona kila kitu, sisikii kitu. Naona mdomo wa huyu unafunguka, naona mkono unamwonyesha yule, Ferney anatikisa kichwa. Mwingine anaongea, anaonyesha upande wa nyumba zetu, Ferney anatikisa kichwa. Mwishoni anawasindikiza wa Chini mpaka ngazi ya tangi na kusimama nao pale wakinong'ona.

Wewe unajua nilichokiona, dada. Sikuwa naona watoto wa mpira. Kule kijijini wale wenye bunduki walitukalisha hivyohivyo, kwenye duara, katika uwanja wa shule. Watu wapole, wamevua kofia, wanauliza nani jirani mwema, nani alimpikia nani. Tukajibu kwa adabu. Kaka yetu Gildardo alijibu kuliko wote kwa sababu alipenda maongezi. Walirudi, na Gildardo wakaondoka naye. Tangu hapo nikiona watu wamekaa duara wakitajana, nahesabu nani atachukuliwa. Sijitetei. Nakuambia tu yalikotokea.

Basi jioni moja nikamkuta Rubiel pale kona yake, amekaa juu ya pikipiki na vijana wake. Unamkumbuka Rubiel, mtoto wa marehemu Libardo muuza mkaa? Sasa ndiye anayesema nani apite na nani asipite huku Juu. Sikuitwa, nilikwenda mwenyewe. Nikamwambia yule kijana wa mpira anapeleka Chini habari za watu wetu.

Akaniuliza, "Una uhakika, Don Evelio?"

Nikasema, "Nimeona kwa macho yangu."

Jumamosi iliyofuata walimngojea Ferney akitoka kuwasindikiza wenzake. Walimvunja mkono, wakamwambia wakimwona tena mlimani hawatavunja, watamaliza. Akaondoka na mkono umefungwa kwa shali ya mama yake, akaenda Bello, akawa analala kwenye karakana ya matairi. Mimi nilisikia kelele nikiwa ndani. Nilikuwa nakunywa maji ya sukari guru. Nilimaliza kikombe.

Na mechi zikafa. Wa Chini walikuwa wanapanda kwa sababu Ferney anawasindikiza, na hicho ndicho alichokuwa akifanya pale ngazini, anahakikisha hakuna anayeguswa. Watoto wetu nao walikuwa wameanza kushuka kwenda shule kwa ngazi ile, maana wenzao wa timu waliwapokea huku wamevaa jezi. Hilo nalo likaisha. Yurany akarudi kuzunguka kwa barabara ya magari, kwenye giza la alfajiri na malori. Huo ndio ulinzi ulionishukuru kwa ajili yake.

Siku moja kijana mmoja wa kona ya Rubiel akamtania. Alimwambia, "Msalimie mjomba wako. Macho yake yale ni darubini." Yurany si mjinga. Alinikuta nakoroga udongo wa saruji.

"Mjomba, uliona nini?"

"Niliona ya kutosha."

"Ulisikia nini?"

Sikuwa nimesikia kitu. Akasubiri. Nikaendelea kukoroga mpaka udongo ukawa uji. Akaingia ndani, akakunja nguo zake, akahamia kwa Doña Ofir, na mpaka leo yuko huko anamsaidia kukanda unga. Kila ulipopiga nikakuambia yuko kwenye mazoezi ya kwaya, hakuwa kwenye kwaya. Nisamehe kwa hilo nalo.

Nilitaka kuitengua kauli yangu kimyakimya. Nikarudi kwa Rubiel nikamwambia labda nilikosea. Akashuka kwenye pikipiki.

"Labda? Siku ile ulikuwa na uhakika."

"Kwa mbali mtu anaweza kukosea."

"Sikiliza, mzee. Kama ulisema kweli, yule harudi. Kama ulinidanganya, nikampiga mtu bure, basi kuna adhabu ya muongo. Chagua unalotaka."

Nikasema nitafikiri. Nikaenda nyumbani nikafikiri wiki baada ya wiki. Mwoga hakosi muda wa kufikiri.

Watoto wa Juu, nikaja kujua, walikuwa bado wanakutana Jumamosi pale uwanjani. Hawachezi, wanakaa tu. Yurany akaja mlangoni kwangu, hakuingia. Alisema, "Leo tunakaa. Njoo au usije." Nilidhani ni mtego. Nilidhani wamenipangia kitu, au Rubiel amewatuma wanisikilize. Nilikwenda hivyohivyo, kwa sababu ndiyo mara ya kwanza alikuwa ameniongelesha tangu ahame.

Nikataka kusimama ukutani, mgongo ukiwa salama. Mvulana mmoja akasema, "Don Evelio, kaa chini, huku hatuna viti vya wageni."

Mwingine akasema, "Mwache, goti lake linamuuma."

"Goti linauma, macho je?"

Wakacheka. Nikakaa. Doña Ofir alikuwa pale, mikono bado ina unga. Yurany akaniambia sheria yao. Hapa mtu anaanza na lake mwenyewe, la mwenzake baadaye. Ndipo nilipoelewa, dada, na niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Miezi yote ile kutoka juu ya zege nilidhani wanachongeana. Kumbe kila aliyefungua mdomo alikuwa anasema, mimi nilimsukuma fulani. Mkono ulikuwa unamwonyesha yule aliyekosewa.

Nikasema langu. Nilisema vibaya, kwa vipandevipande, na sikumtazama mtu. Nilisema mimi ndiye niliyekwenda kwa Rubiel, na sikuwa nimesikia hata neno. Hakuna aliyepiga kelele. Afadhali wangepiga.

Doña Ofir akauliza, "Mwanangu alikuwa anakusalimia kila asubuhi akipita. Hukuweza kumuuliza?"

"Sikumuuliza."

"Basi kwa Rubiel unakwenda lini?"

"Rubiel amesema muongo ana adhabu yake."

"Najua. Nimekuuliza lini."

Nikasema sasa hivi, kabla sijaanza tena kufikiri. Nilidhani nitakwenda peke yangu. Nikageuka nikamwona Doña Ofir nyuma yangu, na Yurany, na watoto wote. Nikawaambia warudi. Mwanao akaniambia nitazame mbele nisijikwae.

Rubiel alipotuona akasema, "Nini hii, maandamano ya Bikira?"

Yurany akamjibu, "Tumekuja kumalizia mechi." Wakakaa chini pale kona, duara, juu ya lami. Vijana wa Rubiel wakatazamana. Mmoja akapeleka mkono kiunoni, na mimi nikaona mwisho wangu, na mbaya zaidi nikaona mwisho wa mwanao. Rubiel akamwonyesha ishara atulie.

Nikasema tena, mara hii nikimtazama. Kwamba sikusikia kitu. Kwamba niliona watu wamekaa duara nikamkumbuka kaka yangu. Kwamba Ferney hakupeleka neno lolote popote, na mkono wake umevunjika kwa ajili ya mdomo wangu.

Rubiel akasema, "Kumbe chura ni wewe." Unajua kwetu chura ni mtu anayechongea wenzake, dada, na unajua vyura huwa wanafanywaje. Nilianza kusali ndani kwa ndani.

Doña Ofir hakusali. Alimwambia, "Rubiel, aliyepigwa ni wangu, na mimi sikuja kudai damu ya huyu mzee. Nataka mwanangu alale nyumbani. Basi."

Rubiel alimtazama, akanitazama na mimi. Halafu akacheka kama mtu aliyeonjeshwa kitu kichungu, akatoa hukumu. Ferney arudi, hataguswa. Mimi nitafagia ngazi zote, kutoka tangi mpaka kanisani, mchana kweupe, na ubao shingoni ulioandikwa MIMI NI MCHONGEZI, mpaka yeye achoke kunitazama. Adhabu hii wamepewa wengi huku, na kuna waliohama mji kwa aibu yake. Mimi niliona nimepewa zawadi.

Lakini usidhani nimekuwa mtu wa kuamini. Nimejiuliza sana kwa nini Rubiel alilegea. Nasikia kuna wakubwa wanakuja karibuni kupiga picha pale uwanjani na kusifia amani, na uwanja bila watoto ni saruji tu. Huenda anataka asifiwe na yeye. Huenda anangoja wapige picha waondoke. Yule dada wa chama naye amerudi, ameleta mipira mipya, na bado hajaniambia wafadhili wanataka nini. Na mimi mwenyewe najishuku. Kama Yurany asingehama, ningesema? Nimejiuliza mara nyingi, na jibu silipendi.

Ferney alirudi jana. Nilikuwa nafagia karibu na tangi nikamwona anapanda na mama yake, begi begani, mkono ule amekunja hivi, haujanyooka vizuri. Nilitaka kukimbia. Watu walitoka milangoni kutazama. Alisimama mbele yangu akausoma ubao taratibu, kama mtu anayesoma jina la mtaa.

Akauliza, "Nani ameandika?"

"Mimi mwenyewe."

"Umeandika vizuri." Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwomba radhi, nimeyasema peke yangu siku nyingi, yote yakapotea. Nikasema tu, "Nisamehe, kijana wangu."

"Mimi si kijana wako, Don Evelio. Na kusamehe sijasamehe." Akatazama ngazi kule nilikotoka. "Pale chini kwenye kona umeacha taka."

Akapita. Nikashuka, na goti langu hili, nikafagia ile kona.

Yurany bado yuko kwa Doña Ofir, na sitamwambia arudi. Jana alipopita alinipa arepa ya moto kwenye karatasi, akasimama mpaka nikamaliza kula. Najua ukisoma haya utataka kumchukua aje huko kwako. Una haki, na mimi sina neno. Ila usiniulize mimi anafanana na nani, anatembea na nani, anafaa kubaki au kuondoka. Muulize yeye. Mpigie kwa Doña Ofir, jirani yake wa ukutani ana simu.

Nisalimie bibi yako huyo, na binamu yetu Hernando kama bado yuko huko Hispania. Aracely anakusalimu, anasema chumba chake hakivuji. Mwombee Gildardo unapowasha mshumaa, nami nitakuombea wewe. Bikira wa Karmeli akufunike na vazi lake, akupe usingizi mzuri na watu wema wa kukuzunguka.

Jumamosi ijayo wanasema kuna mechi. Ferney amepeleka neno Chini. Sijui kama watapanda, na wakipanda sijui wana nini mioyoni, wala nini mifukoni. Rubiel hajachoka kunitazama, kwa hiyo nitakuwa pale ngazi ya tangi na ufagio wangu. Mimi ndiye mtu wa kwanza watakayemkuta. Watausoma ubao shingoni mwangu, halafu wataamua kama wapite.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukinikasirikia,

Evelio Tuberquia